Core i9 ya milioni 3.8 kwa video za harusi: ninunue au niache?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Ninapiga na kuhariri video za harusi na sendofu hapa Tanga. Mwaka jana nilinunua kamera ya Sony A7 IV, na tangu hapo kompyuta yangu imenishinda. Ni mpakato wa Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, na hadi diski (hard disk) ya kawaida. Nikiweka video za 4K kwenye programu ya kuhariri ya Adobe Premiere Pro picha inaruka-ruka, na nikianza kutoa (export) harusi moja usiku, asubuhi naikuta bado. Nimekusanya shilingi milioni 4.5. Muuzaji mmoja wa Dar ana kompyuta ya mezani iliyotumika: Core i9-13900K, RAM GB 16 kijiti kimoja, SSD GB 512, kadi ya GTX 1650. Anataka milioni 3.8 na anasema i9 ndiyo mwisho wa mambo, sitanunua nyingine miaka 10. Mume wangu ananishauri ninunue mpakato wa gemu. Mjomba wangu yuko Muscat, anasema huko bei ni nafuu, nimwagize. Umeme wa mtaani kwetu unakatika, na wakati mwingine unakuja mdogo mno. Naogopa kuzika akiba yangu yote kwenye kitu kisichonisaidia. Nifanyeje?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pesa iliyokusanywa harusi baada ya harusi si ya kujaribia bahati, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Jibu lenyewe nalitanguliza: hiyo i9 iache. Prosesa yake ina nguvu kweli, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo kazi yako haitaigusa, na vitu vilivyoizunguka, yaani RAM (kumbukumbu ya kazi), SSD (diski ya kisasa ya kuhifadhia) na kadi ya picha, ni vidogo palepale kazi yako inapovihitaji. Tena ina hatari moja ambayo muuzaji hakukutajia.

Tuanze na hii habari ya "mwisho wa mambo". Namba inayofuata herufi i haikuambii kompyuta ina kasi gani mpaka ujue na kizazi chake. Core i7-2600 ya mwaka 2011 na Core i3-12100 ya mwaka 2022 zote zina viini 4 (cores, sehemu zinazopiga hesabu) na nyuzi 8 (threads, kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja), lakini hiyo i3 inaiacha i7 ile mbali sana. Bado utakuta tangazo limeandikwa "i7" kwa herufi kubwa na kizazi hakitajwi popote. Kizazi kina maana nyingine pia: Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa prosesa chache, kizazi cha 8 kwenda juu. Mpakato wako umeponea mlangoni hapo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu hujaniambia kama umeshapima kompyuta yako inakwama wapi, na bila kujua hilo hata ya milioni kumi inaweza kukuangusha.

Kamera yako haihifadhi picha 25 kamili kwa kila sekunde. Ingefanya hivyo kwa 4K ya biti 10, kadi ya GB 128 ingejaa ndani ya kama dakika nne, bibi harusi hajafika hata mlangoni. Inachofanya ni kuhifadhi picha moja kamili, halafu kwa zile zinazofuata inaandika mabadiliko tu: mkono umesogea, shela limeyumba, ukuta wa nyuma uko vilevile. Ni kama daftari la duka ambalo ukurasa wa kwanza una hesabu ya mali yote, na kurasa zinazofuata zimeandikwa kilichouzwa na kilichoingia tu. Ukitaka kujua jioni hii kuna sukari kiasi gani, huna budi urudi ukurasa ule wa kwanza ujumlishe na kutoa mpaka ufike ulipo. Kompyuta inafanya hivyohivyo kila unapobofya katikati ya video yako, na ukirudisha nyuma inaanza upya. H.264 na H.265, njia mbili za kubana video ambazo kamera yako inazitumia, zote zinakwenda kwa mtindo huo, ila H.265 inabana zaidi, kwa hiyo hesabu zake ni nzito zaidi.

Kutazama filamu ya 4K hakuichoshi kompyuta kwa sababu ndani ya prosesa au kadi ya picha kuna saketi maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, kufungua video. Ikiijua aina ya video uliyoipa, picha inatiririka na viini vya prosesa vinapumzika. Isipoijua, mzigo wote unawaangukia viini, feni zinapiga kelele, picha inaruka. Hapa ndipo watu wengi wanaponunua vibaya, kwa sababu saketi hizo hazijui aina zote za video, na tangazo la duka haliandiki zinajua zipi.

A7 IV inaweza kurekodi biti 10 kwa 4:2:0 au kwa 4:2:2. Namba hizo zinahusu kiasi cha habari za rangi kinachohifadhiwa, na 4:2:2 inahifadhi mara mbili ya rangi za 4:2:0. Kwa H.265 ya 4:2:0, karibu kila kompyuta ya miaka ya karibuni ina saketi inayoifungua, hata hiyo i5 yako ya kizazi cha 8. Kwa H.265 ya 4:2:2 mambo yanabadilika. Kadi za Nvidia za mfululizo wa 16, 20, 30 na 40 haziifungui. Hata RTX 4090, kadi iliyokuwa juu ya zote wakati wake, haiifungui. Prosesa za Intel zenye saketi ya picha ndani yake, kwenye kompyuta za mezani kuanzia kizazi cha 11, zinaifungua. Kadi za Nvidia za mfululizo wa 50, zilizotoka mwaka 2025, nazo zinaifungua, na zinafungua pia H.264 ya 4:2:2, ambayo saketi za Intel nilizotaja haziiwezi. Kompyuta za Apple zenye prosesa za M zinaifungua hiyo H.265 bila shida.

Ukishika hayo utaona ilipo siri ya ile i9. Saketi yake ya kufungua video, inayoitwa UHD 770, ni ileile iliyomo ndani ya i5-13500 na i7-12700. Kwa kazi ya kuipitia harusi, kukata na kupanga, i9 haikupi saketi bora kuliko hizo. Inakupa viini vingi zaidi, 24 kwa 12 vya ile i7, na hivyo vitakusaidia wakati wa kutoa video ya mwisho na kwenye baadhi ya madoido, lakini si kwa kiwango cha kuhalalisha kubaki na RAM kijiti kimoja na kadi ya picha yenye kumbukumbu ya GB 4. Na ukinunua Intel yoyote angalia herufi ya mwisho. Yenye F, mfano i5-13400F au i9-13900KF, haina saketi ya picha kabisa. Wacheza gemu wanaipenda kwa sababu bei yake ni ndogo. Wewe ikimbie.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya majaribio matatu nyumbani. La kwanza, fungua Task Manager ya Windows, nenda sehemu ya Performance, kisha chezesha harusi yako kwenye Premiere huku unatazama. Kumbukumbu ikiwa imejaa mpaka ukingoni, tatizo ni RAM, na kwa GB 8 nina hakika utaliona. Diski ikisimama kwenye asilimia 100, hadi diski ndiyo inayokuchelewesha. Prosesa ikiwa juu kabisa huku mchoro wa Video Decode chini ya kadi ya picha umelala, basi ni hiyo habari ya saketi. Yaandike unayoyaona.

La pili, rekodi dakika tano za majaribio kwa H.265 ya 4:2:0, ambayo kwenye menyu ya kamera utaipata ndani ya XAVC HS, uziweke kwenye mradi mpya. Nakuuliza kwa nia njema: wateja wako wanapokea nini? Kama ni video ya ukumbini iliyowekwa kwenye flashi na kipande kifupi cha Instagram, macho yao hayataona tofauti ya 4:2:0 na 4:2:2. Tofauti hiyo inajitokeza ukibadilisha rangi kwa nguvu sana, au ukipiga mbele ya kitambaa cha kijani ili uondoe mandhari ya nyuma. Kwa harusi nyingi hulazimiki kubeba mzigo huo.

La tatu, tumia proksi. Ni nakala nyepesi za video zako ambazo Premiere inazitengeneza yenyewe, tuseme za 720p, ukahariri kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu inarudi kwenye zile halisi. Ziache zitengenezwe usiku, asubuhi ukate bila kuruka. Wako wahariri wazuri wanaofanya kazi miaka na miaka kwa njia hii kwenye kompyuta za kawaida, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Ukiongeza kijiti cha RAM na kubadilisha hadi diski kuwa SSD ya SATA, huo mpakato utafufuka kwa sehemu ndogo sana ya akiba yako. Hautakuwa na kasi ya kompyuta mpya, lakini utabaki kuwa mashine ya akiba siku ile kubwa ikigoma na mteja yuko mlangoni.

Sasa hatari niliyokuahidi. Baadhi ya prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa zile zenye nguvu kama 13900K na 14900K (i5-13500 haimo), zilipatikana na kasoro ya kujiomba volti kubwa kupita kiasi, na kwa muda zinachakaa: programu zinajifunga zenyewe, skrini inakuwa ya bluu, na kutoa video kunakatika njiani. Intel yenyewe ilikiri mwaka 2024, ikatoa marekebisho yanayowekwa kupitia BIOS (programu ya ndani ya ubao mama) kuanzia Agosti mwaka huo, na ikaongeza waranti ya prosesa hizo kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu usianze. Prosesa iliyokwisha kuchakaa hayaiponyi. Wewe unauziwa iliyotumika, hujui iliendeshwa muda gani kabla ya marekebisho, na kama huna risiti ya mnunuzi wa kwanza hiyo waranti huna pa kuidai. Kizazi cha 12 hakina kasoro hiyo. Ndiyo maana kwa kitu kilichotumika ningekuelekeza kwenye i7-12700 kabla ya i9 yoyote ya 13.

Kompyuta ya mezani ambayo ningekuundia kwa kazi hii ni hii: i7-12700 au i5-13500, zisizo na F. RAM GB 32 katika vijiti viwili vya GB 16. Viwe viwili kwa sababu prosesa inasoma vyote kwa pamoja, wakati kijiti kimoja kinapunguza njia nusu, na saketi ya picha iliyomo ndani ya prosesa inaazima kumbukumbu hiyohiyo. Chagua ubao mama wenye nafasi nne ili ukipata harusi kubwa za kamera tatu uongeze. Lazima nikuambie pia kwamba bei za RAM zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba. Kwa sababu hiyo ubao mama wa DDR4 (kizazi cha RAM kabla ya DDR5) na vijiti vilivyotumika kwa uangalifu si dhambi. Kazi yako haitaona pengo kubwa kati ya DDR4 na DDR5.

Upande wa kuhifadhi, piga hesabu kabla ya kusikiliza kasi. Kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Saa tatu kwa kamera mbili ni GB 270. Hiyo SSD ya GB 512, ukitoa Windows, Adobe na nakala za proksi, inakupa harusi moja tu. Wauzaji watakuonyesha SSD ya megabaiti 7,000 kwa sekunde dhidi ya 3,500, na kwa kazi yako usilipie tofauti hiyo: kamera hizo mbili kwa pamoja zinataka megabaiti 25 hivi kwa sekunde. Nunua ukubwa. TB 1 ya NVMe (SSD ndogo inayochomekwa kwenye ubao mama) kwa ajili ya programu na harusi uliyonayo mkononi, na hadi diski ya TB 4 ya kutunzia zilizokwisha. Kisha nakala ya pili kwenye diski nyingine inayokaa nje ya chumba hicho. Harusi hairudiwi, na sijui maneno ya kumwambia bibi harusi ambaye video yake ilikuwa kwenye diski moja tu.

Kadi ya picha nayo inahitaji maelezo kidogo. Premiere inaitumia kwa kurekebisha rangi, kubadilisha ukubwa wa picha na madoido mengi, kwa hiyo si pambo. Lakini ukipanda kutoka kadi ya kati kwenda kadi ya bei mbaya, harusi yako haitatoka kwa nusu ya muda. Tafuta yenye kumbukumbu ya GB 8 au zaidi: RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060. Ukiipata RTX 5060 kwa tofauti ndogo, ichukue hiyo kwa sababu ya ile 4:2:2. Kwa kadi zilizotumika, hasa za bei ya kutupa, zimo za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure ya GPU-Z huwa inazifichua.

Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, usimwachie muuzaji akuchagulie. Wati 650 za chapa inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze au zaidi, zinatosha kwa orodha hii. Zile nyepesi zisizo na jina, zilizoandikwa "700W" kwa kibandiko, zikilipuka huondoka na ubao mama.

Nisiwe mkaidi wa mezani tu. Mac mini ya M4, iliyotoka Novemba 2024, ni mshindani wa kweli kwako na ningekudhulumu nisipoitaja. Inafungua H.265 ya 4:2:2 bila jasho, ile ya chini kabisa ilitoka na RAM GB 16, na kwa takwimu za Apple haizidi wati 65 hata ikiwa kazini kabisa. Kwa mtaa wenye umeme kama wa kwenu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu UPS ndogo (boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika) inaibeba kwa muda mrefu. Ubaya wake: RAM haiongezwi kamwe, kwa hiyo chagua GB 24 kama mfuko unaruhusu. Ile ya kuanzia ilitoka na GB 256 tu za hifadhi, itakulazimu SSD ya nje. Ikiharibika ubao, fundi wa Tanga hana kipuri. Adobe inafanya kazi huko vizuri. Kama hupendi kufungua kava wala kubadilisha vifaa, na unaweza kuinunua ikiwa mpya yenye waranti, usiogope kwa sababu ni Mac. Mimi bado ningekushauri ya mezani ya Intel kwa sababu moja tu: ikifa sehemu, unabadilisha sehemu.

Ushauri wa mume wako una hoja. Mpakato una betri, na ukiitwa Korogwe au Pangani unauchukua. Ila jina la kadi kwenye mpakato haliko sawa na la mezani. RTX 4060 ya mpakato inaweza kuwekewa kikomo cha wati 35 au ikaachiwa mpaka zaidi ya 100, na zote zinaitwa RTX 4060. Kutoa video ya saa tatu kwenye chumba chenye joto la Tanga mwezi wa Februari kunaufanya upunguze kasi ili usiungue. Kama huhariri nje ya nyumba, pesa ileile inanunua nguvu zaidi mezani.

Mjomba wa Muscat mtumie kwa vitu vidogo. Umeme wa Oman unaendana na wetu, mizunguko 50 na volti zinazokaribiana, hata plagi ya pini tatu za bapa ni ileile, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Shida ni waranti: kitu kikifa itabidi kirudi kilikotoka, na kava zima la kompyuta halirudi Muscat kirahisi. SSD, RAM au prosesa ndani ya boksi lake na risiti yake, sawa, tena vinaingia kwenye begi la mkono. Ubao mama, pawa saplai na UPS vinunue mahali unapoweza kwenda kugonga mlango.

Sasa umeme, ambao nauhesabu kuwa sehemu ya kompyuta. Usitumie akiba yote kwenye mashine halafu uichomeke ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika ghafla, unapoteza kazi na unaweza kuharibu faili lililokuwa linaandikwa. Lakini ule "mdogo mno" unaousema, na ule mshtuko unaporudi, ndivyo vinavyoua polepole. Unahitaji UPS inayorekebisha volti yenyewe, ile ambayo kwenye boksi imeandikwa "line interactive" au AVR. Usidanganywe na VA, namba ya ukubwa wa UPS ambayo si sawa na wati. Mashine niliyoieleza inaweza kuvuta wati 300 hadi 400 ikiwa kazini kweli, na UPS ya VA 650 mara nyingi haifiki wati 400. Chukua VA 1,200 au 1,500, na soma wati zilizoandikwa nyuma. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri, usiitegemee kumalizia harusi. Betri yake kwenye joto letu itaanza kuchoka baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo ijaribu mara moja moja kwa kuchomoa plagi ya ukutani ukiwa huna kazi muhimu. Hesabu pia matumizi ya umeme: wati 300 kwa saa sita ni uniti 1.8. Kwa bei ya LUKU ya kama shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 630 hivi kwa siku. I9 ile peke yake, bila kadi ya picha, inaruhusiwa kufika wati 253.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipima kutoka huku. Ukigusa kava la chuma la kompyuta au friji yako ukasikia umeme unatekenya vidole, nyumba yako huenda haina arthi (earth, waya unaopeleka umeme ardhini) au waya wake umekatika. Hapo usinunue chochote kwanza. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aje apime, kwa sababu UPS haitibu arthi mbovu, na hatari iko kwako wewe kabla ya kompyuta. Vilevile hadi diski yako ya sasa ikianza kugonga-gonga kama saa, izime palepale, usiinakili wewe mwenyewe. Ipeleke kwa anayeokoa data ikiwa bado inaweza kuokolewa.

Na kwa kuwa uko pwani: hewa yenye chumvi ikikutana na vumbi inafanya utando unaokula chuma na miguu ya vijiti vya RAM. Kava likae juu ya meza, mbali na dirisha la upande wa bahari, lipulizwe vumbi kila baada ya miezi michache. Usiifunike kwa kitambaa ikiwa inawaka, hata kama sebule inapendeza hivyo.

Siku ya kwenda dukani, beba vipande vya harusi yako mwenyewe kwenye diski ya nje: kimoja cha 4:2:2, kimoja cha 4:2:0, na kimoja chenye kamera mbili juu ya mstari mmoja. Mwombe muuzaji afungue Premiere, uviweke, uvikate, urudi nyuma, utoe dakika kumi za video huku unapima muda. Hakuna tangazo linaloweza kukuambia zaidi ya hapo. Wakati inatoa video, fungua Task Manager uone kama RAM ni vijiti viwili, GPU-Z uone kadi, na CrystalDiskInfo uone SSD imetumika saa ngapi na afya yake ni asilimia ngapi. Hakikisha Windows imelipiwa, si ile iliyofunguliwa kwa programu za wizi, maana nyingi huja na virusi ndani na wewe unaweka picha za familia za watu. Dai risiti ya EFD yenye namba za vifaa, na waranti iandikwe miezi mingapi na inahusu nini. Kama hujazoea kuvisoma hivi vitu, mlipe fundi unayemwamini mwende naye, awe hana uhusiano na duka hilo. Na muuzaji akikataa usijaribu kwa video zako, nenda duka la pili.